Koti ya Mistari

Jumanne, tarehe 2, mwezi wa ine

Basi, nilikuwa nimefika wapi? Eh, pa foto. Juzi niliacha katikati juu mvua iliingia mpaka ku kaye, hii daftari yangu, nikakimbia kuinua magodoro. Naendelea.

Nilikuwa iko nasema kama maji ya ziwa ilifika mu nyumba, ku ule ukuta wa foto ya baba. Kitu cha kwanza nilichookoa si sufuria, si nguo za kanisa. Ni baba. Kila muntu wa Kasenga, hapa Uvira, anaijua ile foto. Baba yangu Cyprien amekaa ku kiti, amevaa koti ya mistari, minye niko juu ya magoti yake, mutoto wa miaka mbili, macho kama ya samaki. Na nyuma yetu kuko ndege. Ndege kabisa, na mabawa yake! Naambiaga watu: baba yangu alishapandaka ndege, nyinyi baba zenu walipanda nini?

Minye sikumujua baba na akili yangu. Alikuwa mwashi, ukuta ulimuangukia ku kazi nikiwa ningali mudogo. Mama alikufa siku ile ile ya kunizaa. Shangazi Agnès njo alinilea, na maziwa ya mukebe, kama mutoto wa muzungu. Njo maana niko na meno mazuri.

Mwalimu Libérat, wa darasa ya wamama ku kanisa, alisema tuandike kila siku mpaka mvua iishe, mikono isisahau herufi. Hatasoma, atahesabu tu kurasa. Ni vizuri. Akisoma ya kwangu hatalala.

Jumatano, tarehe 3

Mvua. Nilisuka vichwa viwili. Mwenye kichwa cha pili iko na mimba na bwana wake iko Kalemie tangu Noeli. Sisemi kitu.

Jumamosi, tarehe 6

Nyumba ya Mama Muhire ilianguka. Ya kwangu ingali imesimama, lakini maji iko ndani mpaka ku kifundo cha muguu.

Mama Muhire njo Murekatete, mujane, Munyamulenge, wale wafugaji wa milimani, anasemaga ametoka Rurambo kule juu. Anakaa na mujukuu wake Keza, kasichana ka miaka saba. Kuna miaka mbili tangu alipanga nyumba ya udongo pale chini yetu. Ile siku ya kwanza alikuja ku mulango yangu, Biblia mu kwapa, nikiwa iko nasuka, wanamuke wanne wamekaa. Akasalimia, akauliza:

"Hapa njo kwa Cyprien?"

Nikamujibu: "Cyprien alikufa hata kabla weye hujajifunza Kiswahili!"

Wanamuke walicheka mpaka mumoja akaangusha kitana. Yeye akasema sawa, akaenda. Hakurudiaga tena, salamu tu ya njia. Hata leo ikinijia, nacheka.

Minye niliambiaga watu kama Rurambo hata haijue, alitoka mbali zaidi, anaficha. Nani aliniambia? Hakuna. Lakini muntu asiyeongea kitu unamutafutia cha kwake.

Sasa iko analala mu sali ya kanisa, ukumbi wa mikutano, na wengine waliopigwa na maji.

Jumapili, tarehe 7

Muto ulikula makaburi ya chini. Baba alikuwa pale. Msalaba wake haupo, udongo haupo, kuko tu maji ya rangi ya chai na ndizi zinaelea.

Nililia. Halafu nikakaa na wadogo zangu, watoto wa Shangazi, tukapatana: hatuna tena kaburi, basi tutafanya matanga upya, tarehe 20, na ibada, na chakula. Na tutavaa mipira ile ya kuvaa, mieupe, na sura ya baba mbele, vile watu wanafanyaga sasa. Kumi na tatu, pamoja na wa Shangazi. Shangazi Agnès alikuwa ku kona yake. Nikamuuliza: "Shangazi, foto ya koti ya mistari, si ni sawa?"

Akasema: "Hakuna ingine?"

"Ingine itoke wapi?"

Akageukia ukuta. Muzee wa miaka makumi nane na kitu, anachokaga mapema.

Jumanne, tarehe 9

Leo niko na furaha. Nilipeleka baba kwa Luc, yule wa kupiga fotokopi na kuandika ku mipira. Kulikuwa wasichana wawili wanangojea. Luc alishika foto kama yai.

"Mama Alliance, nyuma waliibandika kartoni na kole. Imelowa, inaoza. Niitoe?"

"Itoe."

Akaivuta polepole. Kartoni ikatoka. Akaangalia nyuma ya foto, midomo ikawa inatembea. Akaniangalia. Akaangalia tena nyuma.

"Mama Alliance, haya maandiko weye ulishayasoma?"

Niliona tu nyoka za bulu, herufi zimeshikana mikono. Siye Mwalimu Libérat alitufundisha zile zinazosimama peke yake. Na wale wasichana walikuwa wananiangalia.

"Unaniona minye ni mujinga?" nikamuambia. "Niliyasoma kabla weye hujazaliwa!"

"Pole, mama. Basi ku mipira niandike jina gani?"

"Jina gani tena! Papa Cyprien!"

"Cyprien," akasema. Akakuna kichwa. "Sawa. Nyinyi njo munajua ya kwenu."

Wasichana hawakucheka. Nilitoka mukubwa.

Alhamisi, tarehe 11

Shefu wa avenyu, ule mutaa wetu, Herménégilde, alitukusanya mu kiwanja cha kanisa. Serikali inatoa viwanja kule juu ya mulima kwa wale maji iliwafukuza. Lakini kila anayeomba alete muntu mumoja aliyezaliwa Kasenga, aseme mbele ya watu: huyu namujua, na watu wake nawajua. Asiyekuwa na muntu hataandikwa, na mwisho wa mwezi atoke mu sali.

Watu waliitana, minye nilisemea watu watatu. Napendaga kusemea watu. Halafu Murekatete akasimama, Keza ameshika kitenge chake. Alipita wote, akaja mbele yangu.

"Mama Alliance, unaweza kunisemea?"

Avenyu yote iligeuka kuniangalia. Na minye nikiona watu wengi wamenyamaza wananingojea, sijue, mudomo unanitoka wenyewe.

"Minye? Minye nikujue wapi? Huyu simujue! Aliingia na mvua, si atoke na mvua?"

Walicheka. Si wote, lakini walicheka. Shefu aliandika kitu.

Murekatete akasema: "Aksanti." Akarudi kukaa.

Aksanti ya nini? Njo ninachojiuliza tangu mchana.

Jumamosi, tarehe 13

Mvua. Ugali na ndagala. Nimechoka.

Jumatano, tarehe 17

Mipira imetoka! Inapendeza. Uso wa baba ni mukubwa kama sinia, na koti, na ndege nyuma. Chini: PAPA CYPRIEN, HATUTAKUSAHAU. Hii niliisoma peke yangu, herufi kwa herufi, mbele ya Luc. Foto yenyewe iko kwake bado, anaikausha polepole kati ya magazeti.

Jumamosi, tarehe 20

Matanga ya baba. Mvua ilituhurumia mpaka saa nane. Tuliimba, tukatembea toka nyumbani mpaka ku kanisa, siye kumi na mbili, muzee Shangazi tumemuacha nyumbani, alisema muguu inamuuma na mupira wake akauweka chini ya godoro.

Kufika ku kanisa, wale wa mu sali walikuwa wamesimama nje. Na Murekatete. Alituangalia, wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Halafu akafunika mudomo na kitenge, mabega yakawa yanatikisika, akaingia ndani mbio.

Alicheka! Alicheka uso wa baba yangu siku ya kilio chake! Niliambia watu wote kabla ya kuomba na kisha kuomba. Niliwaambia na mudomo ukiwa na wali.

Jumatatu, tarehe 22

Nilienda kwa Shefu Herménégilde. Nikamuambia: yule mwanamuke anatukana wafu wetu, alicheka baba. Shefu alisema hata hakuwa na muntu wa kumusemea, akapitisha kalamu ku jina lake, ndefu, toka mwanzo mpaka mwisho. Tarehe 30 anatoka.

Nilitembea kurudi na roho nyeupe. Nasema kweli, juu ni kaye yangu. Nyeupe kabisa.

Jumatano, tarehe 24

Sijue naanza wapi.

Luc alirudisha foto asubui, imekauka, na kartoni kando. Nilikuwa peke yangu, mvua inapiga ku manjanja, mabati ya paa, hakuna kichwa cha kusuka. Nikaigeuza. Nikasema: leo nitaisoma hata kama itachukua siku nzima. Si niko na miezi minane mu darasa? Nilitaka niwasomee watu Jumapili, niseme: muone, baba yangu alikuwa muntu wa kuandika.

Nilianza na zile ninazojua. Nilipata C. Nikapata Cyprien, nikafurahi. Mbele yake kulikuwa "rafiki yangu". Rafiki yangu Cyprien. Nikajiuliza: baba anajiitaje rafiki yake mwenyewe?

Nikarudi mwanzo. Nilikuwa iko naweka kidole, naandika kila neno ku kaye, ya kusimama, moja moja. Hii hapa. Ilinichukua toka saa mbili mpaka saa saba:

"Ku rafiki yangu Cyprien. Ni mimi Ezechiel wa Rurambo, na mutoto wako Geneviève aliyezaliwa kwetu. Bibi yangu alimunyonyesha pamoja na mutoto wetu Murekatete miaka mbili. Leo tunamurudisha. Usiache atusahau. Uvira, 12-7-1975."

Geneviève ni minye.

Niligeuza foto. Nikaangalia ule uso niliosalimiaga kila asubui tangu nikiwa na miaka sita. Ule uso niliupeleka ku Avenyu, niliuvalisha watu kumi na mbili. Si baba. Hata siku moja haikuwa baba.

Na Murekatete. Kuko ma Murekatete wangapi wa Rurambo, baba yao Ezechiel, miaka yangu? Nilijaribu kujidanganya kama wako wengi. Nilijaribu mpaka ugali ukaungua.

Maziwa ya mukebe! Mara ngapi nimeisema? Ile siku ya list ya viwanja, asubui, nilikuwa nimemuambia hata mwenye kuuza chumvi.

Alhamisi, tarehe 25

Nilimuwekea Shangazi Agnès foto juu ya magoti. Hakuiangalia.

"Shangazi, huyu ni nani?"

"Unajua sasa. Unaniuliza nini tena?"

"Kwa nini uliniambia ni baba?"

"Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa unalia baba, baba, chakula hukuli. Mu nyumba kulikuwa foto moja ya mwanaume amekubeba. Nikakuambia: yule pale. Ulinyamaza siku ile ile. Ningefanya nini? Nikurudishie kilio?"

"Na nilipokuwa mukubwa?"

"Ulipokuwa mukubwa ulishaanza kuongea." Akacheka kidogo, bila meno. Halafu akaacha kucheka. "Na vita ikaja, Geneviève. Wenye bunduki walikuwa wanaingia mu manyumba kutafuta Banyamulenge, wanaangalia ku kuta, wanauliza huyu ni nani, huyu ni wa wapi. Nyuma ya ile foto kumeandikwa Rurambo, kumeandikwa jina lake. Njo minye nilibandika kartoni. Nilipika kole ya unga wa muhogo. Kisha pale, ulipokuwa unaambia watu ni Cyprien, nilikuwa nasema mu roho: vizuri, aongee, tuko salama."

"Kumbe nilizaliwa Rurambo?"

"Baba yako alikuwa anajenga kanisa kule. Alipanda na mama yako. Mama yako alifia mu nyumba ya Ezechiel. Bibi yake alikuwa na mutoto wa wiki tatu ku ziwa. Akakuweka ku lingine." Akanirudishia foto. "Maziwa ya mukebe, nani angeyanunua? Baba yako alikuwa mwashi."

Nikamuambia: "Murekatete wanamufukuza Jumanne. Weye ulizaliwa hapa Kasenga, unajua watu wake. Twende kwa Shefu, useme."

Aliniangalia kama nimemuambia aogelee mpaka Bujumbura.

"Minye niliogopa nikiwa na nguvu. Sasa unanitakia nini? Siendi. Niache."

Nikamuacha. Ningemusemesha na mudomo gani?

Ijumaa, tarehe 26

Sikusuka. Walikuja wawili, nikasema niko mugonjwa. Walishangaa juu nilisema neno moja tu.

Jumamosi, tarehe 27

Nilienda mu sali. Nilizunguka nje mara tatu. Nilinunua sabuni, nikaona ni kitu cha haya kuingia na sabuni, nikaipa mama mumoja mu njia. Nikaingia na foto tu.

Murekatete alikuwa chini, ku mukeka, iko anachagua maharagwe. Keza alikuwa anatoa mawe anayatupa mu kikombe. Nikasimama pale. Siku nilipotaka mudomo wangu, haukuja.

Akaona foto. Akasema: "Ulishaisoma."

"Nilishaisoma."

"Kaa."

Nilikaa juu ya simenti. Akasogeza maharagwe, akaniwekea fungu langu mbele, kama vile nilikuja kumusaidia. Nikachagua. Tulichagua mpaka nikasema:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Siku ya kwanza. Ulikuwa na watu."

Hakusema na hasira. Angesema na hasira ningejua kujibu, ile njo kazi yangu.

Akafungua Biblia yake, pale katikati, akatoa kitu mu kitambaa. Foto. Koti ya mistari ile ile. Ku mufuko wa kushoto, pini ile ile ya kushikia pale palipopasuka. Ndege ile ile nyuma, na sasa nilipoziona mbili niliona kama ndege imechorwa ku kitambaa, na bawa moja limekunjika. Lakini mwanaume ni mwingine. Mabega madogo, koti inamumeza, mikono imefunika vidole. Meno ya mbele yameachana. Masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria.

Nilishika masikio yangu.

"Koti ilikuwa ya mwenye kupiga foto," Murekatete akasema. "Kila mwanaume aliivaa. Baba aliniambia walicheka sana ile siku. Wakasema: kila muntu abebe mutoto wa mwenzake, halafu tubadilishane foto, kila muntu aende na uso wa rafiki yake. Yule mutoto mu magoti ya baba yako ni minye."

Ni kweli. Kalikuwa kasichana kana kichwa cha muviringo, kamekamata kidole cha baba yangu na mukono yote. Minye hata sikumbuke kidole cha baba yangu. Yeye iko nacho mu foto.

"Umeichunga wapi?"

"Nyumba yetu ya Rurambo ilipoungua, nilitoka na Keza, na Biblia, na hii. Vyombo vya maziwa vya mama nimeviacha. Vilikuwa vinaungua vizuri, ni mti mukavu." Akatupa jiwe mu kikombe. "Baba alinikataza kuipoteza. Aliniambia: siku maneno ikikuwa mabaya, shuka Kasenga, utafute kwa Cyprien, uonyeshe."

"Na siku ya matanga? Watu... minye niliambia watu ulicheka."

Keza akaacha mawe. Murekatete akamusogezea kikombe.

"Siye hatuna foto ya baba. Ile moja njo ilienda kwenu. Tangu tumuzike sikumuona tena, nilishaanza kusahau pua yake. Halafu nikasimama ku mulango wa kanisa, akanipita mara kumi na mbili. Nilifunga mudomo nisipige kelele. Kilikuwa kilio cha watu."

Nilianguka na uso mu maharagwe. Sioni haya kuiandika, niliona haya zaidi kuliko hiyo. Keza aliniondolea haragwe ku paji la uso.

Kisha nikampa foto. "Chukua. Ni baba yako."

Akaishika muda mrefu. Akapitisha kidole ku pua. Akanirudishia.

"Hazibadilishwe tena. Walipatana hivyo. Iweke ku ukuta wako. Lakini muntu akikuuliza ni nani, useme."

Jumapili, tarehe 28

Kisha ibada nilienda kwa Shefu Herménégilde. Nilieleza yote. Alinisikiliza mikono mu mifuko.

"Mama Alliance. Tarehe 11 ulisema humujue. Tarehe 22 ukasema anatukana wafu. Leo unasema mulinyonya ziwa moja. Niandike mudomo gani?"

"Huu wa leo."

"Na weye ulizaliwa wapi?"

Hapa ningeweza kusema Kasenga. Avenyu yote inaamini Kasenga, karatasi yangu inasema Kasenga. Ningesema neno moja, na jina lake lingerudi ku list. Lakini foto ilikuwa mu mukono wangu, na nyuma yake kumeandikwa. Nitamuokoa na uwongo mwingine, halafu siku ingine uwongo huo umurudie yeye?

"Nilizaliwa Rurambo," nikasema.

Shefu alicheka bila sauti. "Basi weye mwenyewe unahitaji muntu wa kukusemea." Halafu akaona uso wangu. "Kesho saa ine. Ulisema mbele ya watu, utatengua mbele ya watu. Na ulete aliyezaliwa hapa, anayejua. Ukikosa, sina namna. Keshokutwa wanatoka."

Nilirudi kwa Shangazi. Nilipiga magoti. Alijifanya amelala. Alikuwa anapepesa macho.

Nikachukua mupira wangu, na makaa. Nikafuta CYPRIEN mpaka ikawa nyeusi, nikaandika kando yake na mukono wangu: EZECHIEL. Imepinda, inapanda ku mabega. Lakini inasomeka.

Jumatatu, tarehe 29

Niko ku kiti cha mbao mbele ya nyumba ya Shefu, naandika. Ni saa ine na nusu. Mvua imekatika tangu alfajiri, na ziwa pale chini linang'aa kama halikufanya kitu.

Watu wamejaa. Walisikia kama Mama Alliance atatengua maneno yake, hata waliohamia kule Kavimvira wamekuja. Wale wanawake wanne wa siku ya kitana wako, wamekaa mbele. Wanasoma kifua changu, mumoja anamuuliza mwenzake: Ezechiel ni nani? Nimewasikia. Nitawajibu.

Nilishasema ya kwangu. Nilisimama, nikasema: nilidanganya, na nilidanganya kwa sababu mulikuwa munacheka, na kucheka kwenu ni kutamu. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa fupi, sijapata kusema kitu kifupi hivyo. Nilipokaa, jasho lilikuwa limefuta herufi moja.

Shefu amesema: vizuri, lakini hiyo ni kutubu, si ushahidi. Muntu wa Kasenga iko wapi? Akaangalia saa. Ametupa mpaka saa tano.

Murekatete amekaa karibu yangu. Vitu vyake amevifunga tayari mu shuka moja, iko mbele ya miguu. Keza amelala juu ya fungu. Wakati nilipokuwa nasimama alinivuta mupira nyuma, uliokuwa umekunjika, akaunyoosha.

Foto mbili ziko juu ya magoti yangu. Wanaume wawili, koti moja. Nawaangalia na kujiuliza ni yupi alivaa wa kwanza, na kama pini ilimuchoma

Saa tano kasoro kumi. Shefu amefunika kalamu.

Kuko moto, pikipiki, inapanda njia, inateleza mu matope, dereva anapiga honi kama ya arusi. Nyuma yake kuko muntu mudogo, amemukumbatia kwa mikono yote, kitambaa cha kichwa kimehama ku sikio. Amevaa mupira mueupe, ule wa chini ya godoro, juu ya kanzu. Uso wa koti ya mistari uko mbele, na pale chini pa jina ameweka makaa, duara kubwa jeusi, hajui kuandika lakini amefuta, amefuta vizuri.

Murekatete amesimama. Minye bado na kalamu

"Geneviève! Weye Geneviève! Acha hiyo kaye, njoo uniteremushe ku hiki kitu! Na umuambie Shefu asifunge, nilimujua Ezechiel kabla